Xiaomi Smart Band 9: saa ya afya inayonyamaza, ukiipanga vizuri

Xiaomi Smart Band 9 ni ya kununua kwa mtu anayetaka kujua mwenendo wa moyo wake na usingizi wake, basi. Anayetaka kusoma WhatsApp mkononi akiwa ndani ya taksi ya Ntinda, Kampala, atalipata hilo pia, ila atakuwa amejinunulia kero. Hapa tunaipima kwa kazi ile ya kwanza tu: irekodi kimya kimya usiku na mchana, iseme pale penye sababu, imwache mwenyewe aendelee na shughuli zake. Kwa kazi hiyo inafaa sana, mradi nusu saa ya kwanza baada ya kuitoa kwenye boksi uitumie kuzima vitu.

Ni ndogo. Bila mkanda ina gramu 15.8, kioo chake ni AMOLED cha inchi 1.62, betri ni mAh 233. Haina GPS yake, haina spika wala maikrofoni. Simu ikiita unaona nani anapiga, unaweza kuikata au kuinyamazisha, lakini huwezi kuipokea mkononi. Wauzaji hulitaja hilo kwa sauti ya chini kana kwamba ni kasoro. Kwa lengo letu ni faida, maana chombo kisichoongea kina njia chache za kukukatiza.

Betri ndiyo sababu kubwa ya kuichagua. Mtengenezaji anatangaza siku 21 kwa matumizi ya kawaida, na siku 9 kioo kikiachwa kinawaka muda wote. Ukiwasha kwa pamoja mapigo ya moyo kila dakika, oksijeni ya damu kutwa nzima, msongo wa mawazo na upumuaji wa usingizini, tarajia kama siku kumi. Zinatosha. Apple Watch SE ya kizazi cha pili ilitangazwa kwa saa 18, kwa hiyo lazima ichajiwe kila siku, na wengi huichaji usiku, wakati ule ule ambao usingizi ungerekodiwa. Kwenye mtaa unaokatikiwa umeme jioni, saa ya namna hiyo huamka imezima, na rekodi yako inakuwa na matundu.

Kuna jambo moja la kuchaji ambalo huwachanganya watu. Pawabenki nyingi hujizima zenyewe zinapoona chombo kinavuta umeme kidogo mno, na saa hii inavuta kidogo. Unailaza ikiwa asilimia 12, asubuhi unaikuta 20. Chomeka na simu kwenye tundu la pili la pawabenki hiyo hiyo ili isijizime, au tumia adapta ya kawaida ya ukutani. Na kabla ya kulaumu waya, geuza saa uangalie vidoti viwili vya chuma mgongoni. Jasho likikaukia pale huacha utando unaozuia umeme. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, kisha rudisha sumaku ya waya mahali pake.

Kuhusu bei: mwaka 2024 ilitangazwa Ulaya kwa yuro 39.99. Ukihesabu yuro moja kwa shilingi za Uganda kama 4,000, hiyo ni 160,000 hivi kabla ya usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. Kwa hiyo ukiambiwa 40,000 ikiwa mpya ndani ya boksi, jua umeshika kitu kilichotengenezwa kifanane nayo. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako. Ukishachagua lugha, kioo kionyeshe msimbo wa QR. Pakua Mi Fitness, programu ya saa hii, kwenye simu yako ukiwa pale pale dukani (iwe Android 8.0 au iOS 12 kwenda juu), changanua msimbo, na saa ijitambulishe kwa jina lake kamili. Ikidai upakue programu nyingine usiyoijua, irudishe mezani. Usikubali kuambiwa "utaunganisha ukifika nyumbani, boss".

Hapa kuna jambo la kusema kwa msisitizo, kwa sababu linaweza kuumiza mtu. Saa nyingi za bei ya chini zinazopangwa kwenye vioo vya maduka ya simu zimeandikwa kwamba zinapima presha, na nyingine sukari. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Februari 2024: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari anayepanga insulini kwa namba ya saa kama hiyo anaweza kuishiwa sukari na kuzimia. Presha nayo hupimwa kwa mkanda unaojazwa upepo juu ya kiwiko, umekaa, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, baada ya kutulia dakika tano. Mama au mzee wako nyumbani akiwa na presha, mnunulie kwanza mashine hiyo, saa ije baadaye. Band 9 haidai kupima presha wala sukari, na tunaihesabia hilo kama alama nzuri.

Watu wengine huijaribu saa kwa kuifunga kwenye ndizi, ikitoa namba ya mapigo wanasema ni feki. Jaribio hilo halithibitishi kitu, kwani hata kihisi halisi cha mwanga kinaweza kubuni mapigo juu ya tunda au karatasi. Jaribio la maana ni hili: kaa umetulia, weka vidole viwili chini ya kidole gumba upande wa ndani wa kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, linganisha na kioo. Tofauti ya mapigo mawili au matatu ni ya kawaida. Ikiwa 15 na inarudi kila ukipima umekaa vizuri, saa hiyo haina maana kwako.

Kuipanga isikusumbue

Anza na ruhusa. Mi Fitness itaomba kusoma arifa, majina ya simu, ujumbe, mahali ulipo. Ruhusa ya vifaa vilivyo karibu na ya mahali zina kazi, maana bila ya pili huwezi kuchora njia uliyotembea kwa GPS ya simu. Ya majina ya simu ni ya kuonyesha nani anapiga, na ukiikataa utaona namba tupu. Usiipe kila kitu kwa kubonyeza haraka haraka. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na taarifa za afya zimo miongoni mwa zinazolindwa zaidi, lakini ulinzi wa kwanza ni ule wa kutotoa usichohitaji kutoa.

Kisha nenda kwenye arifa za programu uzime zote. WhatsApp ndiyo inayoharibu saa hizi Kampala. Saa huchuja kwa programu, haichuji kwa kikundi. Kikundi cha kamati ya harusi, cha SACCO, cha wazazi wa shule na cha waliosoma pamoja vyote vinapita mlango mmoja, na mwezi wa vikao vya harusi mkono unatetema kuanzia alfajiri hadi saa sita usiku. Ukiufungua mlango huo kidogo, umeufungua wote. Ufunge.

Simu zinazoingia unaweza kuziacha, hasa kwa mtu ambaye simu yake hukaa kwenye mkoba. SMS ni ngumu kidogo, maana ujumbe wa mobile money ni wa lazima kwa mwenye duka, lakini hupitia njia moja na matangazo ya kubahatisha na ya vifurushi. Ukitumia Messages ya Google, fungua mazungumzo ya kila mtumaji wa matangazo uzime arifa zake huko huko kwenye simu. Saa itabaki haina cha kupokea. Kazi hiyo inachukua dakika kumi, na huisha pale pale. Washa pia chaguo la kupokea arifa pale tu simu inapokuwa imefungwa kioo, la sivyo utakuwa unasoma ujumbe kwenye simu huku mkono unakutetemea kukuambia kuna ujumbe.

Kuna mitetemo ambayo haitoki nje, inatoka ndani ya saa yenyewe: umekaa sana, umefikia lengo, inaonekana unatembea, nianze kurekodi mazoezi? Zima zote tatu. Anayepanda kwa miguu kutoka Wandegeya hadi Makerere kila asubuhi hahitaji kuulizwa kila asubuhi.

Kioo nacho kina adabu zake. Kipengele cha kuwaka unapoinua mkono kikiachwa saa 24, kioo huwaka ndani ya chandarua kila ukijigeuza, na mwenzio upande wa pili ndiye anayeamka. Kipangie ratiba, tuseme saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, au kizime kabisa utumie kugusa. Dereva wa bodaboda akizime bila mjadala. Kila akizungusha mkono wa mafuta kioo huwaka, na jicho huenda kwenye mwanga kabla hajalizuia. Washa hali ya Usinisumbue ile inayojiwasha yenyewe ikigundua umelala. Kengele ya kuamka bado itafanya kazi.

Sura ya saa ichague yenye saa na tarehe peke yake. Watu wengi huliruka hili, nalo ni kubwa. Sura zinazopendeza huwa zimejaa hatua, kalori, mapigo, oksijeni, kwa hiyo kila ukitazama ni saa ngapi unakuta umesoma ripoti ya mwili wako. Namba zikae ndani ya programu, zisomwe siku uliyopanga.

Sasa vya kuwasha. Mapigo ya moyo kila dakika moja. Ufuatiliaji wa kina wa usingizi. Onyo la mapigo ya juu, likianzia 120: saa hutoa onyo hilo mapigo yakipita kiwango hicho wakati haikuona mazoezi kwa dakika kumi hivi, kwa hiyo haliji ovyo. Ukiona linakuja ukiwa umekaa tu, na si mara moja, nenda hospitali. Oksijeni ya kutwa nzima zima, sababu ziko chini. Msongo wa mawazo zima pia, kwa kuwa hukisiwa kutokana na tofauti ndogo za muda kati ya pigo na pigo, na ukishaambiwa una 63 huna la kufanya nalo. Upumuaji wa usingizini uwashe ikiwa unakoroma sana au mchana unasinzia kazini, kisha upeleke habari hiyo kwa daktari.

Ukifanya yote haya utagundua kwamba saa haihitaji tena kushikamana na simu saa zote. Hili linamaliza tatizo maarufu la Tecno na Infinix, ambazo huua programu za nyuma ili kuokoa betri. Usiyetaka saa ikuonyeshe simu zinazoingia acha Mi Fitness iuawe, zima hata Bluetooth, kisha iwashe mara moja jioni ufungue programu ivute kumbukumbu. Anayetaka simu zimfikie aingie kwenye Phone Master, programu iliyomo ndani ya simu hizo, aruhusu Mi Fitness ijiwashe, kisha kwenye mipangilio ya betri ya programu hiyo aondoe vizuizi.

Mtetemo mmoja unastahili kubaki: kengele. Mtu anayekunywa dawa za presha au ARV saa mbili usiku aweke kengele kwenye saa yenyewe, siyo kwenye simu. Itatetema mkononi hata simu ikiwa imeishiwa chaji, na wageni sebuleni hawatasikia kitu. Kwa kazi hii moja tu tungeipendekeza.

Inapokosea, na kwa nini

Mapigo ya moyo husomwa kwa taa za kijani zinazomulika ngozi. Damu hunyonya kijani, kila pigo hubadilisha kiasi cha mwanga kinachorudi, na kihisi huhesabu mabadiliko hayo. Melanini nayo hunyonya kijani, kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi ishara inayorudi ni dhaifu zaidi, na uvaaji mbaya unaadhibiwa zaidi. Vaa upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, ukielekea kiwiko, mkanda ubane kiasi kwamba saa haitelezi ukitikisa mkono lakini haiachi alama ya kina. Wakati wa mazoezi kaza tundu moja zaidi, ukimaliza legeza.

Oksijeni husomwa kwa taa nyekundu na infraredi, na hapo rangi ya ngozi si jambo dogo. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba hata mashine za hospitali za kubana kidole zilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi ambavyo mashine iliona viko sawa, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Ikiwa mashine ya wodini ina pengo hilo, saa ya mkononi isikutulize wala isikutishe. Mtu anayehema kwa shida aende kituo cha afya hata saa ikisema 97.

Ukikimbia, wakati mwingine utaona mapigo yamepanda ghafla hadi 165 au 170 na kung'ang'ania hapo ilhali unaongea vizuri. Mara nyingi kihisi kimeshika mdundo wa miguu badala ya moyo, kwani wakimbiaji wengi hupiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika. Simama, kaza mkanda, sogeza saa juu kidogo, endelea.

Hatua zinahesabiwa kwa mtikisiko wa mkono, na mkono una mambo yake. Safari ndefu ya bodaboda kwenye barabara ya murramu huongeza hatua usizopiga, na kulima kwa jembe vilevile. Kinyume chake, mama aliyebeba mtoto au anayesukuma toroli sokoni anatembea sana na haandikiwi kitu, mkono umetulia. Usilinganishe hatua zako na za jirani, linganisha wiki yako na wiki yako. Hata ile namba ya hatua 10,000 ilianzia Japani mwaka 1965 kwenye jina la kipima hatua cha kuuza. Shirika la Afya Duniani linasema dakika: 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Kwa mtu wa miaka 40, kiwango cha juu cha moyo hukadiriwa 208 ukitoa 0.7 mara umri, yaani 180, na mazoezi ya wastani ni mapigo kama 115 hadi 137 kwa dakika. Kupanda kilima cha Naguru au Kololo kwa mwendo wa haraka kunakufikisha huko bila kukimbia.

Namba ya kufuata

Tazama mapigo ya mapumziko, mara moja kwa wiki. Kwa mtu mzima 60 hadi 100 ni kawaida, wakimbiaji huwa chini ya hapo. Lakini kilicho muhimu ni kawaida yako wewe: ukikaa 64 kwa wiki kadhaa halafu siku mbili mfululizo ikawa 76, mwili una jambo. Inaweza kuwa pombe ya jana, usingizi mdogo, uchovu wa mazoezi, au homa inayoanza, maana kila nyuzi moja ya joto la mwili hupandisha mapigo kama kumi. Katika nchi yenye malaria mwaka mzima, hiyo ni sababu ya kupima joto na kwenda kwa musawo, yaani mganga wa kituo cha afya, kutobolewa kidole kwa kipimo cha haraka. Siyo sababu ya kununua dawa dukani, kwa kuwa saa haiwezi kutofautisha malaria na mafua.

Kwa usingizi, amini muda wa kulala, muda wa kuamka na jumla yake. Mgawanyo wa usingizi mzito na wa ndoto ni makisio ya mtikisiko na mapigo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa waliokosa usingizi kwa kuhangaikia alama za vifaa vyao. Ukijikuta unafungua programu kabla hujatoka kitandani ili uambiwe umelalaje, zima ripoti ya asubuhi.

Haimfai mkimbiaji wa dhati. Bila simu mfukoni, umbali ni makisio ya urefu wa hatua, na kwenye miteremko ya Kapchorwa makisio hayo hayashiki. Huyo atafute Garmin Forerunner 55, yenye GPS yake ya hadi saa 20, alipe zaidi. Wala haimfai anayehisi moyo unaruka mapigo: Band 9 haina kipimo cha umeme wa moyo, na mahali pake ni hospitali, kama Uganda Heart Institute pale Mulago.

Inavumilia maji ya kiwango cha 5 ATM, kwa hiyo kuogelea ni sawa, kupiga mbizi hapana, na maji ya moto yenye mvuke na sabuni hapana. Mkanda uoshe kila baada ya siku mbili tatu, ukaushe na ngozi uikaushe. Vipele vingi hutokana na jasho na sabuni iliyobaki chini yake. Mikanda ya Band 8 inaingia. Na Band 10 ya 2025 imekuza kioo hadi inchi 1.72, lakini betri ni ile ile ya mAh 233. Ukikuta Band 9 halisi kwa bei ya chini kidogo, chukua hiyo.